Nilivyoomba Chumba Nikapewa Dua

Watu wakisikia unaumwa baridi yabisi huwa na dawa tayari mdomoni. Mmoja atakuambia mafuta ya nyonyo, wa pili tangawizi na asali, wa tatu ana shangazi yake aliyepona kwa kuacha kula nyanya. Mimi sitakupa dawa. Daktari yupo, muulize yeye. Haya nakuandikia wewe ambaye asubuhi unavitazama vifungo vya nguo na kujiuliza nani atavifunga, na ambaye una kazi na ungependa kubaki nayo. Mimi yangu nusura niipoteze, wala si kwa ugonjwa. Nusura niipoteze kwa adabu.

Nafundisha stadi za maisha katika chuo cha ufundi huku kusini, kati ya Ukunda na Msambweni. Wanafunzi wangu ni wa ushonaji, wa umeme, wa upishi na kazi za hoteli. Wengine ni wana wa hapa hapa, kuanzia Mwabungo hadi Shimoni, na wengine wametoka bara kufuata hoteli za Diani. Karakana zote ziko chini, kwa sababu cherehani na majiko hayapandishwi ngazi. Darasa langu, ambalo kila mwanafunzi hulihudhuria mara moja kwa wiki, liliwekwa ghorofani, kwa sababu mwalimu wa maneno habebi kitu ila chaki. Ngazi zenyewe ni ishirini na mbili. Miaka sita nilizipanda bila kuzihesabu.

Somo nililojivunia kuliko yote lilikuwa la haki za watu wenye ulemavu. Nilikuwa napanda na Katiba mkononi, nawasomea kifungu cha hamsini na nne, nawaeleza kwamba mtu mwenye ulemavu hamwombi mwajiri au mkuu wa chuo hisani. Anataka kubadilishiwa mazingira ili afanye kazi yake kama wenzake, na sheria iko upande wake. Kisha kila mmoja aliandika barua ya mfano. Sema wewe ni nani, sema unataka nini, sema lini, taja sheria, weka sahihi. Msilie kwenye barua, nilikuwa nikiwaambia, karani hana leso ya kuwafuta machozi. Wakacheka, nami nikajiona mwalimu kweli kweli.

Ugonjwa ulinijia na masika. Chaki ikaanza kunianguka. Mara ya kwanza darasa likacheka, nikacheka nalo. Mara ya tatu nikaona hakuna cha kuchekesha. Vidole viliamka vimefura na kukaza, nikawa nashika kikombe cha chai kwa viganja viwili. Kufika saa nne vikalegea, nikajisemea ni baridi ya mvua tu. Mvua zikaisha, vidole vikabaki vile vile. Vikafuata vifundo vya miguu, kisha magoti. Pete ya ndoa ikagoma kutoka hata kwa sabuni, ikabidi sonara wa Ukunda aikate. Mume wangu, Baba Mishi, fundi wa friji katika hoteli moja ya Diani, alisimama pale akiitazama pete yake vipande viwili, asiseme neno. Nikamkasirikia kwa kunyamaza. Angesema kitu, wallahi, ningemkasirikia zaidi.

Mavyaa wangu, mamake Baba Mishi, ambaye tunaishi naye Mwabungo, alikwishajua. Ni jicho. Mwanamke msomi, anapanda ngazi na vitabu, lazima kuna mtu amemtazama vibaya. Akaniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi, ninywe. Nikanywa. Alikuwa ametembea juani kulitafuta, na magoti yake mwenyewe ni mabovu kuliko yangu.

Baada ya hapo ni mabenchi. Benchi la hospitali ya hapa, benchi la maabara, na wakati wa kusi benchi la Mombasa, kwa daktari bingwa anayekuja kwa siku zake. Nani alitengeneza yale mabenchi yasiyo na mahali pa kuegemea mgongo, na yeye mwenyewe ana mgongo? Unapewa namba. Namba ikiitwa usimame upesi, ukichelewa anaingia mwingine, na mimi kushindwa kusimama upesi ndiko kulikonipeleka pale. Namba yangu ilinipita mara mbili nikiwa nimejishika ukingo wa benchi. Mama mmoja wa Mkwiro, aliyemleta mamake, akaniangalia akaniambia nitulie. Namba yangu ilipoitwa tena akasimama yeye, akaenda akaujaza mlango kwa mwili wake na mtandio wake, akamwambia muuguzi mgonjwa anakuja nyuma. Hakusogea mpaka nikafika. Jina lake sikumuuliza, lakini dua zangu anazipata.

Nikapewa vidonge vya kumezwa mara moja kwa wiki, siku ya Ijumaa. Tangu hapo sikuhesabu tena kwa miezi, nilihesabu kwa Ijumaa. Jumamosi ilikuwa ya kichefuchefu, Jumapili ya usingizi, Jumatatu kazini. Nywele zikabaki kwenye kitana. Uso ukajaa, watu wakanipongeza kwamba nimenenepa. Baba Mishi akawa ndiye anayenibana mtandio kwa pini kila asubuhi, kwa vile vidole vyake vilivyozoea mabomba ya gesi, akinichoma shingoni kila siku ya pili. Tuligombana juu ya pini kuliko tulivyowahi kugombana juu ya kitu chochote katika miaka kumi na minne. Alikuwa akitoka nyumbani kimya, mimi nikibaki nimekaa kitandani na mtandio umekaa upande, natamani kumwita arudi nimwombe radhi, na simwiti.

Ngazi sasa nilizijua moja moja. Kipindi changu cha kwanza kilikuwa saa mbili, mwili haujalegea. Nilipanda nikijivuta kwa reli, wanafunzi wakisikia kiatu changu, wakinyamaza kwa heshima kana kwamba naletwa kwenye jeneza. Na pole! Kutoka getini hadi ofisi ya walimu nilipokea pole kumi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti hapewi pole kumi kabla ya chai. Mwishowe nilikuwa napita nyuma ya jiko la chuo ili nisikutane na mtu.

Kisha wakaanza kunipumzisha. Mkuu wa chuo, Bwana Mwinyi, ni mtu mwema, hilo nalisema mapema lisije likapotea. Ana ujamaa wa mbali na mume wangu, na sauti yake haijawahi kupanda. Kila akiniona, neno lake ni hilo hilo, pumzika, mwalimu. Mwanzoni ilikuwa pumzika leo. Baadaye ikawa pumzika wiki hii. Halafu nikasikia kwa karani kwamba muhula ujao atakuja mwalimu mwingine wa kunisaidia, nami nitakaa stoo nigawe madaftari. Sikusoma miaka yote ile nije nigawe madaftari. Nikaona wazi kwamba nitatolewa darasani kwa upole ambao itanibidi niushukuru.

Nilichotaka kilikuwa kidogo. Pembeni ya karakana ya ushonaji kuna chumba kilichojaa viti vilivyovunjika. Nilitaka darasa langu lihamishiwe humo, na kipindi cha saa mbili kisogee hadi saa nne. Mambo mawili tu. Nikajisemea, Mwanamisi, sheria unaijua, barua unazifundisha, kaa uandike.

Nikaandika. Jamani, nikaandika. Nilianza na salamu kamili, nikauliza hali ya familia ya Bwana Mwinyi, nikashukuru kwa wema wa chuo tangu siku niliyoajiriwa. Nikaomba radhi kwa kumpotezea wakati. Nikaeleza kwamba Mwenyezi Mungu amenipa mtihani wa maradhi na nimeupokea kwa subira. Halafu, katikati kabisa ya ukurasa wa pili, nikaandika kwamba iwapo itawezekana, na iwapo haitamsumbua yeyote, ningeshukuru nikifikiriwa juu ya suala la mahali na wakati. Nikaomba radhi tena na tena. Nikamalizia kama tunavyomaliza sote huku kwetu, kwamba nawaomba wasinisahau katika dua zao. Kifungu cha hamsini na nne sikukitaja. Niliona kumtajia sheria mtu aliyekula harusini kwangu ni ukosefu wa adabu.

Ijumaa tatu zikapita. Ya nne nikaitwa. Bwana Mwinyi alikuwa ameshika barua yangu, macho yamemlegea kwa huruma. Akaniambia imemgusa, ameisoma mbele ya walimu wote, na wamekubaliana kwa kauli moja kutimiza ombi langu Alhamisi ijayo. Nilitoka pale nikamwambia Baba Mishi kwa simu kwamba mambo yamekuwa. Hata akacheka, na nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu masika.

Alhamisi wakanisomea Yasini. Walimu wote, wapishi, walinzi, pamoja na wale wa bara wasiojua Yasini ambao walikaa kwa adabu wameinamisha vichwa. Palikuwa na ubani, palikuwa na pilau, na sheikh alikuwa ameitwa kutoka Msambweni. Na yote hayo yalifanyika darasani kwangu, ghorofani, kwa kuwa ndicho chumba chenye upepo. Waliponiona nasita chini ya ngazi, walinzi wawili wakaleta kiti, wakanibeba juu juu, buibui linapepea, chuo kizima kinatazama, ili nikaombewe nipate nguvu za miguu. Nilikula pilau ile kwa hasira. Ilikuwa tamu, nalo likanikera.

Mwisho wa dua Bwana Mwinyi akasimama akatangaza kwamba kwa heshima yangu, kuanzia muhula ujao, nitapumzishwa darasani na kupewa stoo. Watu wakaitikia amina.

Nyumbani Baba Mishi akasema niikubali. Stoo ina kiti, ina feni, mshahara ni ule ule, na yeye amechoka kuniona narudi nimevimba. Nikamwuliza, wewe wakikuambia uache friji ukagawe funguo za vyumba, utakubali? Akasema yeye haumwi. Mavyaa akatuambia tupunguze sauti. Tulilala tumepeana migongo.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya lile somo la barua. Sikuwa na nguvu ya kutafuta mfano mwingine, na labda nilikuwa nataka mtu aniambie nilivyoonewa. Nikaipiga chapa barua yangu upya, nikaondoa majina, nikawagawia, nikasema imetoka kwa mfanyakazi mgonjwa wa mahali pengine. Kazi yao ilikuwa kuisahihisha kwa alama ishirini, kikundi kwa kikundi.

Darasani humo alikuwamo Nzisa, mwanamke Mkamba wa miaka thelathini na kitu, aliyefanya kazi ya kufua nguo hotelini kabla ya kuja kusomea upishi. Sikio lake la kushoto halisikii tangu utotoni. Wiki ya pili tu ya muhula alikuwa ameniletea barua ya mistari minne akiomba kiti cha mbele upande wa dirisha kuanzia Jumatatu, na Jumatatu alikikalia. Kikundi chake kiliipa barua yangu alama tatu.

Msichana wa Shimoni aliyekaa nyuma akaitetea. Akasema barua ina adabu, na aliyeiandika ametoka nyumba nzuri.

"Adabu nimeiona," akasema Nzisa. "Mimi natafuta anataka nini. Nimesoma mara mbili. Ameomba msamaha mara tano. Kitu cha pekee ameomba kikaeleweka ni aombewe. Mimi nikiwa mkubwa wake ningemwombea, halafu ningejua nimemaliza."

Nikakaa. Kiti cha mwalimu kilikuwa karibu, kwa bahati. Kumbe wiki zote zile nilikuwa nimemchukia Bwana Mwinyi, nimewachukia walimu wenzangu, nimeuchukia ubani na pilau na wale walinzi wawili maskini, na watu hao walikuwa wamenifanyia lile lile nililowaomba, tena kwa moyo mmoja. Mganga hajigangi, lakini huyu mganga alikuwa amejitia sumu kwa mkono wake. Niliona aibu, nikajikasirikia mpaka masikio yakawasha.

Nikawaambia ni yangu. Msichana wa Shimoni akafunika mdomo. Nikawaambia vidole vyangu leo havishiki kalamu, kwa hiyo barua mpya wataandika wao. Walibishana dakika arobaini. Nzisa aliandika ubaoni, wengine wakifuta na kukata. Kila niliposema labda tuongeze neno la shukrani waliniuliza shukrani ya nini, bado hawajakupa. Mwomba chumvi huombea chunguche, akasema mmoja wa umeme, na chungu hakijui kubembeleza. Ikatoka mistari saba. Jina, ugonjwa, chumba cha chini pembeni ya karakana, saa nne badala ya saa mbili, kuanzia muhula ujao, kifungu cha sheria, naomba jibu la maandishi. Wakanifunza pia kuchukua nakala yenye muhuri wa karani, jambo ambalo nililifundisha mimi na sikuwahi kulifanya.

Bwana Mwinyi aliniita siku ile ile. Safari hii hapakuwa na huruma machoni, palikuwa na uchungu.

"Mwanamisi, tumekukosea nini?"

"Hamkunikosea."

"Mbona umetuandikia kama wakili? Sisi ni jamaa. Ungeniambia tu."

"Nilikuambia kwenye ile ya kwanza."

Akaitoa ile ya kwanza kwenye jalada. Akaisoma yote, polepole, kidole chake kikishuka na mistari, ukurasa wa kwanza na wa pili. Akakirudia kile kipande cha mahali na wakati. Akaniambia alidhani nazungumzia mahali pangu peponi na wakati wangu wa kuondoka duniani, ndiyo maana alilia. Nikataka kucheka, nikaona yeye hacheki.

"Kwa hiyo ni chumba tu?" akauliza.

"Chumba, na saa nne. Stoo mpe anayeitaka."

Akasema barua kama hii inaumiza moyo wa mtu. Nikamjibu kwamba ile nyingine iliniumiza magoti. Hatukuagana vizuri. Siku mbili baadaye likaja jibu la maandishi, limekubali yote, kavu kama muhogo wa juzi. Nililia kwa furaha na kwa kukosana naye pamoja. Tumekuja kupatana baadaye, lakini salamu zake si ndefu kama zamani. Ukiandika barua yako, jua kwamba hilo nalo hutokea.

Usifikiri viti vibovu vilitoka kwa siku moja. Havikuwa na mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na wa kuruhusu vitolewe. Fomu ikaenda Kwale ikarudi, ikakosa sahihi, ikaenda tena. Ijumaa nne nilimeza vidonge nikisubiri ruhusa ya kutupa kiti chenye miguu mitatu. Hata hivyo muhula ulipofunguliwa, jua la kaskazi limeshika, chumba kilikuwa kimefagiliwa na kupakwa chokaa. Ule ugonjwa wenyewe nao ulikuwa umeanza kutulia, vidonge vimeshika kazi yake. Asubuhi hiyo Baba Mishi alinibana mtandio bila kunichoma, tukatazamana, nikamwambia ahsante badala ya kumkagua.

Saa nne niliingia darasani kwa miguu yangu, sina jasho. Nilikuwa nimegeuka kuandika tarehe ubaoni niliposikia kitu kikigonga kizingiti. Wanafunzi wawili walikuwa wanainua magurudumu ya mbele ya kiti, na juu yake amekaa msichana mwenye tepu ya ushonaji shingoni. Nilikuwa nimewahi kumwona, kwa mbali, kwenye karakana. Nikamkaribisha, nikamwuliza kama ni mgeni.

"Hapana, mwalimu. Mimi ni Umazi. Ni wa darasa lako tangu mwaka jana."

Nikafungua daftari la mahudhurio. Jina lilikuwapo. Mbele yake palikuwa na alama ya mkasi, hakuja, kila wiki, mwaka mzima, kwa kalamu yangu nyekundu, na pembeni, tangu muhula wa kwanza, nilikuwa nimeandika kwa hati nzuri, kabla vidole havijaharibika: mtoro. Nikakumbuka hata mtihani wake, uliofanyiwa bwaloni, na nilivyoshangaa mtoro kupita. Akaniambia bila kinyongo kwamba alikuwa akinakili daftari la mwenzake wa bweni.

Nikamwuliza kwa nini hakuandika barua kuomba darasa lishushwe, na haki hiyo ni yake kabla ya kuwa yangu.

Umazi akanitazama kama mtu asiyetaka kumwaibisha mkubwa wake.

"Somo la barua, mwalimu," akasema, "lilikuwa juu."